Klachi ngumu mpaka mkono unakufa ganzi: ni waya, ni pleti, au ni mimi?

#1 TichaWaMvumi
Mbukwenyi wakuu.

Nina Boxer 150, nimeinunua mkononi mwa mtu, zamani ilikuwa bodaboda. Kwenye pikipiki mimi bado mwanafunzi, leseni yangu haina hata miezi mitatu. Nakaa Ilazo, Dodoma mjini, nafundisha upande wa Mvumi, kwa hiyo kila siku ni lami kidogo halafu vumbi na makorongo.

Shida yangu klachi. Nabonyeza kwa vidole vyote vinne na bega linapanda juu. Nikikutana na foleni pale Jamatini, mpaka nivuke mkono unatetemeka, na mara mbili imenizimikia katikati ya magari. Mimi naandika kwa mkono wa kushoto. Juzi nimeandika tarehe ubaoni, mtoto wa la tatu akauliza, "Mwalimu, hiyo ni saba au moja?"

Fundi wa kwanza kabonyeza mara moja tu, kasema pleti zimeisha, elfu sitini na tano. Wa pili kasema ndivyo zilivyo, nitazoea. Nani mkweli hapo? Na mtu asiyejua kitu aanzie wapi kabla hajatoa hela?

#2 Nkuhungu_Boda
Waya huo. Nunua mpya, funga, endelea na maisha. Waya wa klachi haufiki hata elfu kumi.

#3 Kizota1
Kula ugali mwalimu.

#4 DadaWaKibaigwa
#3 mwache mwenzio, kauliza jambo la maana. Mimi niliambiwa hivyohivyo, "piga vyuma kwanza", kumbe kuna jinga lilikuwa limekaza bolti ya mkono wa klachi kama linafunga tairi la lori. Bolti ile mkono unaizungukia, haitakiwi kuubana. Kulegeza kidogo na tone la grisi, basi. Angalia na hapo.

#5 MzeeSpana
Mwalimu, kabla hatujaenda mbali. Watu wanasema "klachi mbovu" kumaanisha vitu vitatu tofauti, na ndiyo maana unauziwa pleti usizohitaji.

Kuna klachi ngumu kubonyeza. Kuna klachi isiyokata: umebonyeza mpaka mwisho lakini ukiweka gia pikipiki inaruka mbele au inazima, na frii huipati ukiwa umesimama. Kuna klachi inayoteleza: umeachia, unavuta mafuta, injini inalia lakini pikipiki haiendi. Pleti, zile sahani za ndani ya klachi zinazoshikana kupeleka nguvu ya injini kwenye gia, zikiisha dalili yake ni hiyo ya tatu. Pleti zilizolika hazifanyi mkono uwe mgumu.

Wewe una ipi?

#6 TichaWaMvumi
Asante Mzee. Ni ya kwanza. Mlima inapanda vizuri na mizigo inabeba. Gia zinaingia, ila asubuhi ya kwanza inagonga "tak" kubwa.

#7 MgogoWaNala
Hiyo "tak" ya asubuhi ni oili nzito. Mwezi wa sita na wa saba huku kwetu baridi inauma, oili inaganda, pleti zinashikana. Badilisha oili, klachi italainika.

#8 MzeeSpana
#7 umepatia nusu. Oili nzito na baridi zinafanya pleti zishikane, kwa hiyo gia inagonga, hapo sawa. Lakini mkono wa klachi haubonyezi oili, unabonyeza springi kupitia waya. Ukibadilisha oili utasikia gia zimetulia, mkono utabaki vilevile.

Ila kwa kuwa umetaja oili: pleti za pikipiki hizi zinaogelea kwenye oili ileile ya injini. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA au MA2. Zile za magari madogo zenye dawa za kupunguza msuguano ili gari lile mafuta kidogo zinaweza kuifanya klachi iteleze.

#9 Nkuhungu_Boda
Mimi natia oili ya gari mwaka wa tano huu.

#10 DadaWaKibaigwa
#9 na wewe si ndiye ulifungua uzi mwaka jana, "pikipiki inalia haiendi"? 😂

#11 Nkuhungu_Boda
Ile ilikuwa pikipiki nyingine.

#12 MzeeSpana
Mwalimu, kipimo hiki hakitaki hela, kinataka spana ndogo mbili na kivuli.

Zima injini, iache ipoe. Fuata waya wa klachi kutoka kwenye usukani mpaka unapoingia kwenye injini. Pale mwisho utaona kimkono kidogo cha chuma ambacho waya unakivuta. Legeza nati za kurekebishia, waya ulegee, uuchomoe kwenye kimkono. Sasa rudi kwenye usukani ubonyeze klachi.

Ikiwa nyepesi kabisa kama mchezo wa mtoto, waya na mkono ni wazima, ugumu uko chini. Ikiwa bado nzito au inakwaruza, ugumu uko kwenye waya au kwenye mkono wenyewe. Chomoa na upande wa juu, shika ncha mbili za waya, vuta huku na huku. Waya mzima unateleza kama uzi kwenye sindano.

Fanya hivyo usukani ukiwa umenyooka, halafu kata kushoto, halafu kulia. Wengi wanasahau hapo.

#13 IrangiKwaMtoro
Naongeza kwa #12: ukishachomoa juu, kitazame kile kichwa cha risasi kinachokaa kwenye mkono. Mara nyingi nyuzi za waya zinaanza kukatika hapo, moja moja. Pitisha kidole taratibu, ukichomwa ujue waya umeshaanza kwenda. Mimi ulinikatikia usiku, ninatoka Kolo naenda Kondoa mjini. Nikaendesha kwa gia ya pili mpaka nyumbani, sikusimama popote, kila mbuzi barabarani nampigia honi tangu mbali.

#14 Kizota1
Mbuzi wa Kondoa hawaogopi honi.

#15 PikipikiNiMaisha
Kitu kingine, na hiki hakina spana. Mwalimu unashika mkono wa klachi wapi? Wanaoanza wengi wanashika karibu na shina, pale unapojifungia kwenye usukani. Sogeza vidole nje, karibu na ncha. Ni kama kufungua nati kwa spana fupi na spana ndefu. Nimefundisha watu kama watano, wawili ugonjwa ulikuwa huo tu.

#16 TichaWaMvumi
#15 nimejaribu sasa hivi uani. Kweli kuna tofauti! Nilikuwa nashika ndani kabisa. Lakini bado nzito. Jumamosi nafanya kipimo cha Mzee.

#17 Mtumba_Ofisini
Kwa heshima zote, mwalimu, si utafute kijana akupeleke? Barabara za huko ngumu kwa mwanamke.

#18 TichaWaMvumi
Kaka, kijana huyo utamlipa wewe? Tuma hela, nitamtafuta.

#19 DadaWaKibaigwa
🔥🔥 Mtumba kaingia foleni mwenyewe.

#20 UmemeTu
Nunueni za umeme mpumzike. Hazina klachi, hazina gia, hazina oili.

#21 MgogoWaNala
Na za Honda zile za Super Cub zimekuwepo tangu 1958, gia unakanyaga, klachi inajikata yenyewe. Mjomba wangu alikuwa na moja. Lakini mwalimu kauliza ya Boxer, #20 tusimchanganye.

#22 TichaWaMvumi
Wakuu nimerudi, mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Majibu:

Nimechomoa chini. Mkono umekuwa mwepesi, lakini siyo mwepesi wa mchezo wa mtoto. Unakwaruza, kama kukokota kijiko kwenye sufuria yenye mchanga. Nikikata usukani kushoto unazidi kuwa mzito. Nikikata kulia unalegea.

Kichwa cha risasi kimenichoma kidole. Nyuzi mbili zimekatika.

Sasa kimkono cha kwenye injini. Nimekisukuma kwa kidole, hakiendi kabisa. Kwa koleo kinaenda kidogo halafu kinakwama. Na pale kinapoingilia kwenye injini kuna tope jekundu limekauka kama udongo wa kichuguu. Kwa hiyo ugumu uko chini, sivyo?

#23 Nkuhungu_Boda
Waya. Nilisema #2. Nyuzi zimekatika, mnataka ushahidi gani tena.

#24 PikipikiNiMaisha
Kimkono kimekwama, wewe unasema waya? Huo waya umechoka kwa kuvuta kimkono kilichokwama.

#25 MzeeSpana
Taratibu. Mwalimu, kimkono kukataa kwenda kwa kidole ni kawaida, pale unapigana na springi za klachi zote kwa pamoja. Usipime hapo. Kina sehemu ndogo ya mwanzo ambayo kinatakiwa kuchezacheza bila uzito, kabla hakijagusa springi. Swali langu: ile sehemu ya mwanzo ni laini? Na ukiachia, kinarudi chenyewe?

#26 TichaWaMvumi
Sehemu ya mwanzo inasuasua. Na hakirudi, nakirudisha kwa koleo.

#27 MzeeSpana
Basi una wagonjwa wawili. Kishimo kile kimejaa vumbi na kutu. Piga mswaki wa zamani na mafuta ya taa kwanza, futa tope lote, lisije likaingia ndani. Halafu WD-40 kidogo pale kinapoingilia, kichezeshe, futa, rudia. Kikianza kurudi chenyewe weka grisi kiduchu juu kuzuia vumbi jipya. Kikikataa kabisa, kava litafunguliwa kisafishwe kwa ndani, hiyo mpe fundi.

#28 MamaAlizeti
Mimi waya natia mafuta ya alizeti ya kwetu Singida, yapo ndani siku zote, unateleza kama nyoka.

#29 IrangiKwaMtoro
#28 mama shikamoo, lakini hapana. Mafuta ya kula yakikaa na hewa na joto yanageuka kuwa gundi. Tazama sufuria ya chipsi isiyooshwa, ile rangi ya kahawia inayonata pembeni. Ndiyo itakayokuwa ndani ya waya baada ya mwezi.

#30 MamaAlizeti
Marahaba. Nina wiki tatu tu tangu nitie. Nitakuja kuwaambia.

#31 PikipikiNiMaisha
Waya unatiwa oili nyepesi ya injini. Grisi hapana, haifiki katikati, na ikichanganyika na vumbi la Dodoma unapata msasa.

#32 UmemeTu
Waya za siku hizi zina bomba la plastiki ndani, nyingine maelekezo yake ni usitie chochote. Ukitia oili unakaribisha vumbi.

#33 PikipikiNiMaisha
Wa kwake ni wa zamani na unakwaruza, plastiki hiyo imeshaliwa.

#34 UmemeTu
Umeuona?

#35 PikipikiNiMaisha
Wewe umeuona?

#36 MgogoWaNala
Mkimaliza, mwambieni anatiaje. Zamani tulikuwa tunakata kona ya mfuko wa rambo, unaifunga kwenye ncha ya juu kwa mpira, unamimina oili, unaning'iniza usiku kucha mpaka idondoke chini. Rambo zikapigwa marufuku Juni 2019. Sasa hivi natumia bomba la sindano la duka la dawa, bila sindano, na kipande cha mpira wa baiskeli kuzuia isivuje. Ukiona inayotoka chini ni nyeusi yenye chengachenga, endelea. Ikitoka safi, acha.

#37 Mtumba_Ofisini
Hili la bomba la sindano sikulijua. Asante.

#38 IrangiKwaMtoro
Hakuna aliyegusa hili la kukata kushoto. Waya unaozidi uzito usukani ukigeuka haujakaa njia yake. Ama mfupi, ama wa pikipiki nyingine, ama umepitishwa pabaya. Mwalimu fuatilia unapopita chini ya tangi.

#39 TichaWaMvumi
Nimefuatilia kwa tochi ya simu. Shingoni pale umefungwa na kipande cha mpira wa tyubu pamoja na nyaya za taa, umejikunja kama kiwiko. Na chini ya tangi umebanwa na chuma cha kioo cha mbele, aliyeniuzia alikuwa ameweka kioo cha kuzuia mvua akakitoa akaacha chuma.

#40 Nkuhungu_Boda
Mwenye bodaboda yeyote anaujua huo mpira. Ukichoka na nyaya kuning'inia unafunga zote pamoja. Nimewahi kufanya dhambi hiyo.

#41 MzeeSpana
Fungua huo mpira. Waya wa klachi unapenda kona pana. Kila kona kali ni sehemu ambapo waya wa ndani unasugua ukuta.

#42 TichaWaMvumi
Taarifa ya wiki. Nimefungua mpira, nimetoa chuma, nimeweka waya mpya (elfu saba, duka la spea Majengo), nimesafisha kimkono siku mbili mfululizo mpaka kinarudi chenyewe. Klachi imepungua ugumu, naweza kusema nusu. Nabonyeza kwa vidole vitatu.

Jana nimejaribu Boxer ya mwalimu mwenzangu, 150 kama yangu. Yake ni vidole viwili na anaongea na simu ya mke wake (msimripoti). Yangu bado nzito kuliko yake. Tofauti ni nini?

Na jingine, huyu aliyenifungia waya kaacha mchezo (ule ulegevu wa mwanzo kabla mkono haujaanza kuvuta waya) wa milimita 3 anasema ndiyo kipimo. Nimesoma mahali 10 hadi 20. Nani mkweli?

#43 PikipikiNiMaisha
10 hadi 20. Tatu ni kidogo, klachi itabaki imebonyezwa kidogo muda wote, pleti zitaungua.

#44 MzeeSpana
Wote wakweli, wanapima sehemu mbili. Milimita 2 au 3 ni uwazi unaouona kule shinani, kati ya mkono na kishikio chake. Uwazi huohuo ukiupima kwenye ncha ya mkono unakuwa sentimita moja na zaidi. Ticha muulize kapima wapi. Ila mchezo hauhusiki na ugumu, unahusika na kukata na kuteleza.

#45 Nkuhungu_Boda
Nina wazo, msinicheke. Hiyo pikipiki ilikuwa ya kazi. Sisi tukibeba sana, gunia la mkaa na dumu nne za maji, klachi inaanza kuteleza. Hela ya pleti huna. Fundi anafungua kava, anaweka washa chini ya kila springi, springi zinabanwa zaidi, klachi inashika. Mkono unakuwa jiwe. Huenda mwenye nayo alifanya hivyo.

#46 MzeeSpana
Hilo sikucheki. Nimezikuta washa hizo mara nyingi. Wengine wanaweka springi ngumu za pikipiki nyingine.

#47 PikipikiNiMaisha
Mimi nasema pembe ya kimkono. Kinakaa kwenye meno, ukikitoa na kukirudisha jino moja pembeni, waya unakivuta kwa mshazari na nguvu inapotea. Katikati ya safari yake waya na kimkono vinatakiwa kufanya kona kama ya ubao wa darasani. Mwalimu piga picha ya kwako na ya mwenzako, linganisha, bila kufungua kitu.

#48 IrangiKwaMtoro
Au huo mkono wa juu si wa asili. Wa kuanguka na kubadilishiwa. Mikono ya dukani mingine tundu la waya liko mbali kidogo na bolti kuliko ule wa kiwandani, hata milimita chache zinasikika kwenye kiganja.

#49 DadaWaKibaigwa
Na bolti yangu ya #4 hakuna aliyeiangalia mpaka leo.

#50 TichaWaMvumi
Dada nimeiangalia! Ilikuwa kavu, nimetia grisi, nimeilegeza robo mzunguko. Imesaidia kidogo.

Picha nimepiga. Kimkono changu kimelala zaidi kuelekea mbele kuliko cha mwenzangu, lakini kidogo sana, sina hakika kama ni jino au ni waya umekazwa. Mkono wa juu wangu mweusi, wake wa rangi ya fedha. Kwa hiyo #47 na #48 wote mna ushahidi. Washa za #45 siwezi kuziona mpaka kava lifunguliwe, na hiyo ni gasketi mpya na oili mpya. Nitasubiri likizo.

#51 PikipikiNiMaisha
Weka picha.

#52 Nkuhungu_Boda
Washa. Nipo tayari kuweka soda.

#53 PikipikiNiMaisha
Soda mbili, ni pembe.

#54 MamaAlizeti
Wangu umeanza kunata. Msiseme kitu.

#55 TichaWaMvumi
😂 Pole mama. Soda zenu nitawaamulia mwezi wa kumi na mbili kava likifunguliwa. Leo nimepita Jamatini foleni yote na nikifika naweka frii badala ya kushikilia. Ubaoni saba yangu imeonekana saba. Ila sasa wanauliza kama tisa ni sita.

#56 KijanaWaBahi
Habari za humu. Mimi yangu ni kinyume, klachi nyepesi mno, kidole kimoja, na nikipakia abiria wawili injini inalia haiendi. Niweke hapahapa au nifungue uzi mpya?

#57 MzeeSpana
Fungua mpya. Na usiweke washa.